Mkate Tuliomnyima Salma

Harufu ya utomvu wa papai bichi ni kali, ya majani yaliyopondwa, na ukiivuta kwa nguvu inawasha ndani ya pua. Kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi, harufu hiyo ndiyo iliyonipokea kila nilipotoka shuleni, kabla sijafika mlangoni mwetu. Tulikaa Tabora mjini, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati, karibu na stesheni kiasi cha kusikia mabehewa yakigongana. Baba alikuwa fundi cherehani. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, shuleni tukiimba nyimbo za kujitegemea na kulima shamba la darasa, na baba alishinda barazani akishona sare za wanafunzi. Nyuma ya nyumba palikuwa na mipapai miwili. Kila asubuhi shangazi yangu alichanja mapapai machanga kwa wembe, akakinga utomvu mweupe katika kikombe cha bati, tone kwa tone. Dawa ile ilikuwa ya mdogo wangu Salma, aliyekuwa na miaka mitano na hajawahi kutamka neno.

Salma alikuwa mtoto mzuri wa sura, mwenye macho yaliyokupita yakatazama kitu kingine nyuma yako. Alikaa miguuni pa baba akipanga vifungo vya mashati kwa rangi, kisha kwa ukubwa, na mtu akikisogeza kimoja alilia mpaka sauti ikakauka. Ukimwita hakugeuka, lakini treni ya Kigoma ikikaribia yeye aliisikia kabla yetu sote. Chakula chake kilikuwa cha aina mbili tu: mkate uliochovywa kwenye maziwa, na matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu vilivyochemshwa. Ugali hakuugusa, wala wali, wala nyama. Tumbo lake lilijaa gesi na kuuma, na usiku alihangaika. Neno usonji hatukulijua. Majirani walikuwa na maneno yao, na waliyanong'ona kisimani: wengine walisema mashetani, wengine walisema mama alikanyaga kitu alipokuwa mjamzito. Mama aliyasikia, akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Ndipo akaja Shangazi Nyamizi, dada mkubwa wa baba, kwa treni kutoka Usinge, na debe la asali ya msituni kichwani. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa mwanamke mkarimu, mcheshi, aliyewalea ndugu zake wote baada ya bibi kufa, na baba alimheshimu kama mama. Alimtazama Salma siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne, tulipokwisha kula mchana, akazungumza.

"Mtoto huyu hana shetani," alisema. "Tatizo lipo tumboni. Kule kwetu kuna mzee wa dawa za miti, amewaona wengi wa namna hii. Chakula kinalala tumboni hakisagiki, kinakuwa sumu, sumu inapanda kuufunga ulimi."

"Sasa tufanye nini, wifi?" mama aliuliza.

"Maziwa, basi. Na vyote vya ngano, mkate, chapati, maandazi. Asionje hata chembe kwa siku arobaini. Halafu anywe utomvu wa papai na asali. Ninyi si mnafungia nyama ngumu kwenye majani ya mpapai? Kama inalainisha nyama ya ng'ombe mzee, itashindwaje na kilicholala tumboni mwa mtoto?"

Niliona mabega ya mama yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwambia kwamba kosa halikuwa lake.

Maziwa yakaondolewa kwanza. Na hapa lazima niseme kweli, kwa sababu kweli hii ndiyo iliyotuponza: ilisaidia. Baada ya siku chache tumbo la Salma lililegea, gesi ikapungua, akalala usiku kucha. Asubuhi moja alimtazama mama usoni, sawasawa, kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Baba aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni, machozi yakimlengalenga. Mkate nao ukaondolewa siku ileile, na nyumba nzima ilikuwa na furaha kiasi kwamba hakuna aliyeuliza mtoto atakula nini. Matobolwa yakabaki peke yake. Baada ya wiki mbili, Salma alipokuwa bado hajasema neno, shangazi alipata salamu za yule mzee wa Usinge kwamba matobolwa nayo ni mazito, yaachwe. Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Kila mwiko uliposhindwa kumfungua ulimi, haukuondolewa. Uliongezwa mwingine juu yake.

Akapewa uji mwepesi wa mtama, na Salma akafunga mdomo. Tuliambiwa njaa itamfundisha. Alilia akienda kwenye kapu tupu la mkate, akaligeuza, akaliweka sawa, akaligeuza tena. Mama alipokaribia, shangazi alimzuia kwa upole. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Mama Tatu," alimwambia. Tatu ni mimi. Nami nilipewa kazi. Shangazi aliniweka mbele yake, akanishika mikono yote miwili, akasema mimi ndiye jicho la nyumba. Salma akipewa chembe moja tu, siku arobaini zitaanza upya. Nilijiona mkubwa. Nilitaka mno kusikia mdogo wangu akiniita jina.

Alasiri moja nilimkuta mama amechuchumaa nyuma ya jiko, Salma mapajani, akimmegea mkate alioufunga kwenye pindo la khanga. Salma alikula kwa haraka ya kutisha, bila kutafuna, mikono miwili mdomoni. Mama aliniona. Alinitazama tu jinsi mtoto anavyomtazama mkubwa wake, na mimi nikageuka nikaenda moja kwa moja barazani nikamwambia shangazi.

Baba hakumpiga mama, wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Tangu leo dada ndiye atakayemlisha." Siku arobaini zikaanza upya.

Baada ya hapo nyumba yetu ilitulia, na utulivu ule ndio ninaouogopa nikiukumbuka. Salma aliacha kulia. Shangazi alisema ni dalili njema, dawa inafika. Aliacha kwenda kwenye kapu. Midomo yake ilichubuka kwa utomvu ikafanya vidonda, nywele zake zikawa nyepesi na nyekundu kama za mahindi, na siku moja treni ya Kigoma ilipita bila yeye kuinua kichwa. Kisha uso na miguu vikavimba. "Ameanza kunenepa," shangazi alisema, na baba akaitikia kwa kichwa akitaka kuamini. Mimi nilimletea Salma vifungo vyote, nikavimwaga mbele yake, nikavichanganya makusudi ili akasirike. Hakunyoosha mkono.

Nilikwenda kumwambia mama. Nadhani hilo ndilo jambo pekee jema nililolifanya kiangazi kile. Alikuwa anafua. Alijipangusa mikono, akamtwaa Salma mkekani, akamfunga mgongoni, akapita barazani mbele ya baba na shangazi.

"Unakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Hospitali," mama alisema. "Ukitaka kunizuia, nizuie njiani, watu waone."

Nilimfuata nikikimbia. Tabibu aliyetupokea alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alibonyeza mguu wa Salma kwa kidole gumba, akatoa kidole, na shimo likabaki pale pale kwenye ngozi. Akamfungua mdomo, akaangalia vidonda. Akauliza anakula nini. Mama akamweleza yote, miiko yote, mmoja baada ya mwingine, na kadiri alivyoieleza sauti yake ilizidi kupungua.

"Mtoto huyu ana njaa, mama," tabibu alisema.

"Lakini maziwa yalipoachwa alilala."

"Naamini. Matumbo mengine hayapatani na maziwa, na hayo mlifanya vema kuyaacha. Mkate je, uliwakosea nini? Na viazi? Mtoto ana vyakula vitatu duniani, mnamwondolea vyote vitatu?"

Mama akauliza lile alilolibeba miaka yote. "Na kusema? Atasema?"

Tabibu alivua miwani. "Hilo sina dawa yake. Sitaki kukudanganya."

Tulikaa wodini wiki nyingi. Alilishwa kijiko kwa kijiko, kwa saa zilizopangwa, kwa sababu tumbo lililozoea utupu halihimili kushiba ghafla, na kwa siku kadhaa hatukujua atabaki upande upi. Shangazi alikuja mara moja. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, akasema, "Niliuona ule usingizi wake nikadhani nimeiona njia," akalia, akarudi Usinge. Hakulala tena nyumbani kwetu mpaka alipofariki.

Salma yu hai, anaishi kwangu. Maneno machache yalimjia kwa wakati wake, alipokaribia utu uzima, na yanamtosha. Mama alifariki bila kuniuliza habari ya mkate, nami sikuwahi kumwomba radhi.

Siku hizi mambo yana majina. Mjukuu wangu wa miaka minne ana usonji, daktari amesema, na hakuna anayenong'ona kisimani. Lakini mwezi uliopita mkwe wangu alinionyesha kwenye simu orodha ya vyakula vya kuacha, ngano na maziwa juu kabisa, na chupa ya vimeng'enya vya kusagia chakula, alivyoviagiza kwa mtu asiyemjua. Sikumcheka. Lipo tumbo linalodhurika kweli, na daktari anaweza kulipima. Nilimsimulia haya yote, pamoja na lile la nyuma ya jiko ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nitampeleka kliniki kwanza, mama." Nilimshukuru. Tangu siku hiyo nimekwenda kwao mara tatu. Chupa ipo kwenye kabati la vyombo, na kila mara, kabla sijaketi, natazama kama kizibo chake bado hakijafunguliwa.