Mbuzi wa Kabambare na Mifupa Yake Yote

Kasongo nzima inajua mikono hii inayorudisha goti mahali pake. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na asiyeamini apite mbele ya kabine yangu ya matibabu asubuhi aone mikongojo iliyoegemezwa ukutani. Diploma yangu ya tiba ya viungo imetundikwa juu ya mlango, ndani ya fremu ya kioo. Hakuna mjomba aliyenilipia masomo. Nilipakia magunia ya mihogo, nikabeba mawe ya wachimbaji Salamabila, nikasoma Bukavu kwa jasho hilo, kisha nikarudi nyumbani na mifupa mia mbili na sita kichwani, kila mmoja na jina lake.

Kwa hiyo siku tuliyokwenda Kabambare kumchukua mke wangu, mimi nikiendesha pikipiki, baba mdogo nyuma yangu, na mbuzi amefungwa nyuma yake, sikuwa na wasiwasi. Mwenye wasiwasi alikuwa baba mdogo.

"Mutoto yangu, kule utasema kidogo."

"Nitasema inavyostahili, baba."

"Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Mali ya mahari ilikuwa imekwisha kutolewa katika safari za nyuma. Kulibaki jambo moja tu. Katika nyumba ile, bwana harusi anamchinja na kumkata mbuzi wake mwenyewe, na kisu chake kinapita kwenye viungo tu. Hakuna mfupa wa mguu wala wa mkono unaovunjwa. Watu wakishamaliza kula, mifupa yote inarudishwa ndani ya ungo, na shangazi wa bibi harusi anaikagua. Akikuta mmoja umevunjika, mgeni anarudi kwao peke yake, aje tena kiangazi kingine na mbuzi mwingine. Wanasema nyumba iliyoanza na mfupa uliovunjika haisimami.

Nilipoelezwa sharti hilo nilicheka. Wenzangu waliooa huko walitetemeka. Mimi nilikuwa nimepewa mtihani ambao nilishaupasi.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake kama ya hakimu. "Tunasikia weye iko docteur ya mifupa."

"Si docteur, shangazi. Lakini docteur akishindwa, mugonjwa anatumwa kwangu."

Baba mdogo alikohoa. Bibi wa mke wangu, kizee asiye na jino hata moja, akapiga makofi. Mama mkwe alikuwa ndani, na mimi sikuthubutu hata kuelekeza macho kwenye mlango wake. Lakini bibi ana ruhusa ya kumtania mume wa mjukuu wake na kumwita mume wake mwenyewe.

"Bwana yangu anajua kusema!" alisema. "Sasa tuone kama anajua kukata."

Nilianza na miguu ya nyuma. Fupa la paja lina kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na ndiyo maana mguu unaweza kuzunguka. Ukiuzungusha kidogo, unausikia wenyewe ukikuambia mlango uko wapi. Nilipitisha ncha ya kisu, nikakata kano iliyoko katikati, paja likatoka zima. Nikalinyanyua juu wote walione. Goti ni rahisi zaidi: linakunjika upande mmoja tu, kama bawaba. Watoto walisogea, na mimi nikaongeza sauti, kwa kuwa elimu haifichwi.

Halafu nikafika mbele, nikasimama.

Kwa binadamu mkono umeshikwa na mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka juu ya kifua hadi begani. Nilipapasa upande wa kulia, sikuupata. Nikapapasa wa kushoto. Hakuna kitu. Kisu kilibaki hewani.

"Bwana yangu amepotelea mu mbuzi," bibi akasema.

Walicheka hadi kuku wakakimbia. Mimi nilifumba macho nikafikiri. Mtulinga kazi yake ni nini? Kuusukuma mkono mbali na kifua, ili tuweze kuunyanyua pembeni, kubeba mzigo begani, kumkumbatia mtu. Mbuzi anamkumbatia nani? Yeye anaruka tu, anatua kwa miguu ya mbele, na nyama ndiyo inayopokea kishindo. Basi bega lake halikufungwa kwa mfupa. Nilipitisha kisu kati ya fupa la bega na mbavu, kwenye nyama tupu, na mguu wa mbele ukatoka kama koti linavyovuliwa. Sijawahi kumwona mtu mwingine akitatua jambo hilo kwa kichwa peke yake, amefumba macho.

"Mbuzi hana mtulinga," nikawatangazia. "Sisi tunao ili tukumbatie wake zetu."

Mke wangu alikuwa mlangoni pa jikoni. Alijifunika uso kwa kitenge, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nyama ilipikwa kwa mawese na pilipili, ikaliwa na bugali. Kisha ungo ukazungushwa, ukawekwa mbele ya shangazi. Alitoa mfupa mmoja mmoja, akigeuza, akiweka chini. Nilikuwa nimekwisha kukunja mikono kama mshindi. Ndipo akatoa fupa la paja, vipande viwili.

Baba mdogo aliiangalia pikipiki. Mke wangu alishusha kitenge, na safari hii hakuwa anacheka.

"Docteur," shangazi akasema, "hii ni nini?"

Mikono yangu ilikuwa imeshachukua vile vipande. Nje vilikuwa vyekundu kwa mawese. Pale palipovunjika palikuwa peupe kabisa. Ndani, kwenye ule mfereji unaoufanya mfupa kuwa mwepesi bila kupoteza nguvu, uboho ulikuwa umefyonzwa hadi mwisho.

"Shangazi, kama ningeuvunja mimi kabla ya kupika, mawese yangeingia hadi ndani, na uboho ungeyeyukia mu sufuria. Angalia hapa ni peupe. Mufupa huu umepigwa jiwe baada ya kutoka mu sahani."

"Na nani?"

Nilikuwa nimeshamwona. Kidevu cha bibi kilikuwa kinang'aa kwa mafuta, na karibu na mguu wake kulikuwa na jiwe la kusagia. Kumtaja mzee mbele ya ukoo wake haiwezekani. Kunyamaza kungeniacha bila mke. Nikasema, "Na mutu anayejua utamu uko wapi."

Shangazi aligeuza kichwa polepole kuufuata ule mng'ao.

"Munaniangalia nini?" bibi akafoka. "Niko na meno ya kutafuna nyama? Mume analeta paja, muke anakula nini, harufu?"

"Mama!" shangazi akamwambia. "Sharti ni kwamba mwenye kuvunja analeta mbuzi mwingine!"

"Basi nitamuleta kiangazi. Munidai mimi. Huyu mutoto aende na bwana yake, amengojea sana."

Shangazi alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka hadi akauangusha ungo, na vigelegele vikajibu kutoka jikoni, hata kutoka nyuma ya ule mlango nisioutazama.

Jioni hiyo tuliondoka watatu. Mke wangu alikaa nyuma yangu na kunishika kiunoni, na baba mdogo alikaa mahali pa mbuzi.

"Ulisema sana," alinung'unika, pikipiki ikimrusha kila shimo.

"Nilisema inavyostahili, baba."

Pingili zote za mgongo wake zilikuwa zinagongana. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye kabine yangu, ameinama kama alama ya kuuliza, na mke wangu ndiye aliyemfungulia mlango.