Mume Wangu Alimvunja Kaka Yangu Goti kwa Sababu ya Sinema za Mashujaa

Admin, ficha jina langu. Hawa wawili nitakaowataja nimewabadilisha majina, maana Naro Moru ni mji mdogo, ukikohoa kwenye steji ya matatu unapewa pole sokoni. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina binti mmoja, Shiru. Mume wangu, nitamwita Kariuki, ana ukumbi wa video hapa mjini. Kaka yangu wa pekee, nitamwita Muriithi, hubebea wageni mizigo wakipanda mlima. Au niseme alikuwa akibeba.

Mnaopenda sinema za mashujaa mnajua kuna kampuni mbili za vitabu vya katuni zinazoshindana, kila moja na mashujaa wake. Kila Jumapili baada ya kanisa Kariuki huonyesha sinema ya kampuni moja, watu wanajadili, kisha anaweka ya kampuni ile nyingine. Mashabiki wa kampuni moja hukaa benchi za dirishani, wa nyingine benchi za mlangoni. Upande unaoshindwa mjadala hutazama sinema inayofuata ukiwa umesimama ukutani. Mwamuzi ni Kariuki, na yeye mwenyewe ni mtu wa dirishani kabisa. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Lakini watu walikuwa wanacheka na kusimama, mambo yanaisha.

Kariuki anapenda za dirishani kwa sababu mashujaa wake wana utani, wanakuja kwa kundi, na kila sinema inaendeleza ile iliyotangulia. Muriithi alipenda za mlangoni, zenye giza na huzuni, shujaa mmoja anabeba dunia nzima na hakuna anayemuuliza kama amekula. Nafikiri alijiona humo. Mimi sikuwa na upande. Nimeona kampuni zote mbili zikibomoa miji mizima na sijawahi kuona shujaa hata mmoja akirudi na ufagio.

Jumapili hiyo Muriithi alikuwa ameshuka mlimani asubuhi, miguu imevimba mpaka amelegeza kamba za viatu. Sinema ya kwanza ilipoisha, Kariuki akaanza uchokozi wake.

"Ati shujaa ni huyo ananuna kutoka mwanzo mpaka mwisho? Sinema zenu ziko kama matanga!"

Dirishani wakaangua kicheko. Muriithi akajibu akiwa ameketi. "Na zenu hakuna mtu hukufa akakaa amekufa. Leo mnalia, kesho amerudi anacheka. Kama hakuna kitu mtu anaweza kupoteza, huyo ni shujaa wa nini?"

Ukumbi mzima ulipiga makofi, hata wa dirishani. Muriithi alikuwa ameshinda, kila mtu aliona. Kariuki akaweka sinema ya pili, kisha akasema, "Mlangoni, simameni."

Wengine walisimama wakinung'unika. Muriithi hakusimama. "Shemeji, leo miguu imekataa. Na tena umeshindwa, bana. Kubali tu."

Kuna chuma tunachofungia mlango, hukaa kando ya kiti changu pale mlangoni ninapopokea kiingilio. Kariuki alikichukua nikidhani ni mchezo. Pigo la kwanza liligonga benchi, na Muriithi akacheka. La pili lilitua gotini. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Alipoanguka, Kariuki akampiga begani, akampiga mdomoni, meno yakamwagika sakafuni. Nilimrukia mgongoni, akanipiga kiwiko nikaonja damu yangu. Kwenye skrini nako walikuwa wanapigana, na waliokaa mbele walidhani kelele zote ni za sinema. Waligeuka damu ilipowafikia chini ya benchi, wakakimbia wote. Nilibaki na kaka yangu akishika sketi yangu na kuita jina la mama yetu, ambaye alikufa zamani.

Kwetu ndugu wa mke haguswi. Hata kumkatiza akiongea ni aibu. Baba alipofika hospitalini Nyeri aliuliza kama waligombania shamba. Nikamwambia ni sinema za mashujaa. Akauliza, "Na hao watu wa sinema wanawajua nyinyi?"

Sasa kesi iko polisi. Kariuki amesema Muriithi alimvamia, wakasukumana, akaangukia benchi. Wengine wote wanasema ukumbi ulikuwa na giza na wao walikuwa wanatazama mbele. Mimi ndiye nilikuwa mlangoni, kwenye mwanga. Wiki ijayo naitwa kuandikisha nilichoona. Kariuki ameosha kile chuma na kukirudisha kando ya kiti changu. Aliniuliza polepole, akimlisha Shiru uji, "Mama Shiru, wewe pia ulikuwa unatazama sinema, sivyo?" Namwogopa. Na bado namwekea maji ya kuoga, najichukia.

Daktari amesema Muriithi hatabeba mzigo mlimani tena. Yeye mwenyewe, na mdomo ule ulioshonwa, aliniambia, "Sema vile uliona ama unyamaze, wewe bado ni dada yangu." Afadhali angenitukana.

Jumapili iliyopita ukumbi ulifunguliwa tena. Nilikuwa nimesugua ile sakafu kwa majivu peke yangu. Mjadala ulipofika, hakuna aliyethubutu kutetea kampuni ya kaka yangu. Kariuki akacheka, akasema leo wote wameshinda, wakae. Wakakaa, hata wale wa mlangoni. Nikainuka kwenye kiti changu, nikaenda ukutani, nikasimama.

Alinitazama sinema nzima, nami sikuketi. Tangu siku hiyo hajanisemesha, na usiku analala na kile chuma chini ya kitanda chetu.

Ndugu zangu, nikisema ukweli, mimi na Shiru tutarudi nyumba gani? Nikinyamaza, nitamtazama kaka yangu na macho gani? Nishaurini kabla ya wiki kuisha, nifanye nini?