Njia ya Ukingoni, Juu ya Ziwa

Kwa miaka mingi nilichokijua kuhusu Mlima Kenya ni matope yake tu. Yalinifikia Majengo, hapa Meru mjini, yakiwa yameganda kwenye mishono ya mabegi na mahema ambayo wapagazi waliniletea nitie zipu mpya au nishone palipochanika. Niliyakwangua kwa kisu, nikafagia, nikaendelea na kazi. Asubuhi kusipokuwa na mawingu niliuona mlima wenyewe nikiwa mlangoni, na sikuwahi kufikiri kwamba fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili ana shughuli yoyote kule juu.

Aliyenitoa mlangoni ni mpagazi mmoja mwanamke, mkulima wa chai kutoka upande wa Chogoria, mama wa watoto watatu. Alikuwa mteja wangu wa siku nyingi. Siku hiyo alikuja bila begi la kushonwa.

"Mama, unaweza kupikia watu kumi na wawili?"

"Mimi napikia harusi," nikamwambia.

"Basi wiki ijayo tunaenda na wewe."

Akanieleza. Kulikuwa na kikundi cha wanawake Waislamu kutoka Nairobi waliotaka kulala siku tatu mlimani, na walikuwa wameomba mpishi Mwislamu na nyama iliyochinjwa kihalali. Yeye hakumjua mwingine ila mimi. Nilicheka. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu nitoke eda sikuwa nimekwenda popote zaidi ya sokoni. Binti yangu, aliyekuwa akikata kitambaa, hakuinua hata kichwa.

"Nenda, mama. Cherehani haikimbii."

Nyama nilinunua kwenye bucha ya jirani, nikaikaanga na chumvi nyingi isiharibike njiani. Gari lilituacha ndani ya msitu, chini ya lango la hifadhi. Nilitarajia msitu kama wa Imenti tunaoupita tukienda Nanyuki, lakini huu ulikuwa mzee zaidi. Kulikuwa na mikafuri ambayo watu watano wakishikana mikono wasingeizunguka. Matawini zilining'inia ndevu za kijani, na maji yalidondoka ingawa mvua haikunyesha. Mavi ya ndovu yalikuwa bado yanatoa mvuke njiani. Mpagazi wangu alisimama kwenye mti mmoja, akaupiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Nyanya yangu alikuja kuokota kuni hapa akiwa msichana," akasema. "Aliniambia huu mti ulikuwa mkubwa hivi hivi."

Nikauweka mkono wangu pia. Ulikuwa baridi, na sijui kwa nini machozi yalinitoka. Yeye aliyaona, akatangulia mbele taratibu, akaniacha nimalize.

Siku ya pili ndiyo iliyonishinda. Miti ilikuwa imeisha, tukawa tunatembea kwenye majani makavu na mawe, upepo ukipenya hadi kwenye mifupa. Wageni walikuwa wametangulia na kiongozi wao. Njia ilifika mahali ikapita ukingoni. Kulia kulikuwa na ukuta wa mawe. Kushoto hakukuwa na kitu, genge tu limekatika kama kwa shoka, na chini kabisa ziwa jeusi, dogo kama sahani. Nilitazama mara moja. Miguu ikakataa.

Sisemi kwamba niliogopa tu. Miguu ilikataa kabisa, kama si yangu. Nikaketi chini, nikashika mawe kwa mikono miwili. Ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni.

"Nirudishe," nikasema.

"Kurudi ni saa nne, na ukungu ndio huu. Kwenda mbele hadi kambini, kule ziwani, ni nusu saa." Alichuchumaa mbele yangu, mzigo wake bado mgongoni. Alinivua mkoba wangu akauning'iniza kifuani mwake. Kisha akachukua leso niliyojitanda, akafunga ncha moja kiunoni mwangu na nyingine kiunoni mwake. "Mama, usiangalie huko chini. Angalia hili begi. Si ni wewe uliyelishona?"

"Ni mimi."

"Sasa niambie. Kanzu unaanza kukata wapi?"

"Kanzu gani?"

"Ya mtoto wa madrasa. Mimi sijui kushona. Nifunze."

Nikamwambia unaanza kwa kupima bega. Akapiga hatua moja, leso ikakaza, nami nikapiga yangu. Halafu? Halafu urefu, kutoka begani hadi kifundo cha mguu, na unaongeza vidole vinne vya pindo. Kwa nini vinne? Kwa sababu mtoto anakua, mwakani mamake atafumua pindo aishushe. Akacheka. Tukaenda. Nilimweleza kukata mikono, nikamweleza kile kipande cha kwapani ambacho wanaoanza kazi hukisahau, kanzu ikapasuka mtoto akiinua mkono. Kila niliponyamaza aliuliza swali jingine, na mengine yalikuwa ya kijinga makusudi.

"Na mfuko unawekwa nyuma?"

"Nyuma! Nani anaweka mfuko wa kanzu nyuma?"

Nilikuwa namfokea kuhusu mfuko nilipohisi ardhi imekuwa laini. Nikainua macho. Tulikuwa tumeshuka hadi ziwani. Genge lilikuwa limesimama nyuma yetu, refu, juu yake limefunikwa na ukungu, na wageni walikuwa wakitupungia mikono.

Nilipika pilau siku hiyo. Wali ulichelewa kuiva, maana huko juu maji huchemka bila kuwa moto vizuri, lakini walikula hadi ukoko.

Kabla ya chakula nilitaka kuswali. Maji ya ziwa yaliuma vidole kama meno. Kabla sijamaliza kutia nia ya udhu, yule mpagazi akaniwekea sufuria ndogo ya maji ya vuguvugu, akapanga mabegi yawe kizuizi cha upepo. Jua halikuonekana, nikamwuliza kaskazini ni wapi, maana kwetu kibla ni huko. Alinyoosha mkono bila kufikiri. Halafu akageuka, akasimama akinipa mgongo, mpaka nikatoa salamu. Yeye ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya. Hatukuwahi kuongea habari hiyo kabla, wala hatujaiongea baadaye.

Nimepanda mara mbili tangu hapo, na ile njia ya ukingoni bado siipendi. Yeye ameacha upagazi kwa sababu ya goti. Siku hizi anachuma chai yake, na akija mjini hupita kwangu. Juzi alipokuja nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: siku ile, yeye hakuogopa?

"Niliogopa sana!" akasema. "Sufuria zote ziko mgongoni, na wewe umefungwa kiunoni. Ungeanguka, mimi ningebaki kweli?"

Nikamshukuru tena, labda kwa mara ya mia. Akasukuma kikombe kuelekea kwangu, akaomba nimwongezee chai.