Sketi za Remorki

Mimi hushona bashe, yale maturubai ya kufunika malori, nyumbani kwetu Nyakasanza, hapa Bunia. Mume wangu ni shofere wa lori la remorki, lile linalovuta tela nyuma. Huenda Kampala na kurudi na saruji. Mwaka jana tajiri wake alitumbukiza fimbo ndani ya tangi la dizeli, kama afanyavyo kila lori linaporudi, akaona mazutu iliyobaki ni kidogo mno. Mbele ya mafundi wote akamwambia anaiuza njiani. Akampa safari moja tu. Mazutu ikipungua tena, lori litapata shofere mwingine.

Mume wangu ana makosa mengi, na ninaweza kuyataja bila kupumua, ila wizi haumo. Nilikasirika kuliko yeye.

Niliwahi kusafiri naye hadi Kampala, nikaona kwenye lami remorki za wageni zimezibwa pembeni, mbele ya magurudumu ya nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba upepo ukiingia chini ya remorki unairudisha nyuma, na injini inakunywa zaidi. Ya kwetu ilikuwa wazi chini, juu bashe kuukuu linapigapiga, na juu ya bashe ndizi na magodoro ya majirani. Shofere wa Bunia akikataa mizigo ya majirani anaitwa mwenye roho mbaya.

Basi nikashona bashe jipya la kukaza, na mapazia mawili mazito ya pembeni, yenye kamba za mpira ili ayakunje akifika kwenye matope yetu. Aliponiona nayafunga alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema nimelivisha lori sketi. Nikamwambia juu ya bashe asiweke hata mkungu mmoja. Roho mbaya nitaibeba mimi.

Siku aliyorudi, nilikuwa uani kwa tajiri kabla injini haijazimwa. Fimbo ilitoka imelowa hadi juu kuliko siku zote. Tajiri akaifuta, akaitumbukiza tena, kisha akanigeukia.

“Mama, unitengenezee ile sketi kwa maremorki yangu yote.”

“Nitatengeneza. Lakini ulimuita bwana yangu mwizi mbele ya hawa batu. Anza na ile.”

Mafundi waliacha kazi. Tajiri alivua kofia, akamwendea mume wangu na kumpa mkono.

“Shofere, nilikukosea. Haukuiba.”

Mume wangu alijibu kwamba si neno, kwa sauti yake ya siku zote, akaingia chini ya remorki kufungua kamba ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Nilipoinama kumwangalia nikaona analia, nami nikakaa pale pale kwenye vumbi kumngojea, nimefurahi kupita kiasi.