Bakuli la Damu la Shemeji Marwa

Saratani ya utumbo ilimuua kaka yangu, mimi nikabaki, basi nesi akaniita nipimwe. Akasema kipimo cha choo ni rahisi ila hudanganyika, hivyo nisile nyama nyekundu siku chache kabla. Kamera ya kupitishwa nyuma huona vizuri zaidi, ila utaharishwa kwanza, na mara chache hutoboa utumbo. Mwanaume wa Ringwani nipitishwe kamera nyuma? Nikachagua choo.

Wa kulaumiwa ni Marwa, shemeji yangu. Alikuja na bakuli la damu ya ng'ombe na maziwa. "Shemeji, utaenda kupimwa umelegea hivyo? Kunywa." Nikanywa. Nilikatazwa kula nyama, na damu kwetu hailiwi, inanywewa.

Majibu yakaja: choo kina damu. Mke wangu akalia kama kwenye msiba. Nikaharishwa usiku kucha, kesho yake kamera ikapita.

"Mbona utumbo ni safi, mzee? Ulikula nyama kabla ya kile kipimo cha kwanza?"

"Hata kipande sikugusa, daktari."

Nyuma ya pazia Marwa, aliyenisindikiza, akanitetea. "Kweli hakula, daktari. Alikunywa damu tu, bakuli zima."

Daktari akacheka mpaka akatikisika, na kamera ilikuwa bado ndani.