Ngazi Alizojenga Kefa

Ukuta uliofunga soko upande wa mto aliujenga Kefa mwenyewe, akiwa fundi mwashi kijana. Mwaka ule mafuriko yalimchukua mdogo wake, Antipasi, akivusha mbuzi, na wazee wakaamua soko lizibwe. Kefa alipanga mawe mpaka yakampita kimo. Tangu hapo mji ule mdogo, ulio njiani kuelekea Nduguti, ukaupa mto kisogo. Maduka yakaelekea barabarani, na nyuma ya ukuta watu wakatupa takataka.

Miaka mingi baadaye akaja Hana, msanifu majengo ambaye mama yake ni mzaliwa wa pale. Alikuwa amechora soko jipya: baraza ndefu yenye paa bapa kama la nyumba za tembe za zamani, na ngazi pana za mawe za kushukia mtoni.

"Shikamoo, baba," alimwambia Kefa. "Naomba ukuta huu uuvunje wewe. Mawe yake ndiyo tutakayojengea ngazi."

"Marahaba. Mto huu unaujua?"

"Nimesimuliwa."

"Kusimuliwa tu," Kefa alisema.

Aliikubali kazi kwa sababu aliona aibu kusema kwamba anaogopa. Ila nyumbani chakula hakikupita. Mkewe, Agripina, alikuwa akimwekea ugali na mlenda, na kuurudisha jikoni ulivyo. Kazini, ukuta ulipokwisha kuvunjwa, kila aliposhuka kwenye ngazi mpya sikio lake lilikuwa limeelekea kule mto unakotoka. Lori likivuma barabarani, anadhani ni mto, anaacha mwiko na kupanda juu.

Siku moja ya Desemba jua lilikuwa kali, hata wingu hakuna. Kefa alikuwa ngazi ya chini kabisa, anasawazisha jiwe. Kwanza alisikia harufu ya udongo uliolowa. Halafu ukaja mvumo. Alijua papo hapo kwamba mvua imenyesha milimani. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Maji mekundu yalitokea kwenye kona yamebeba matawi, naye akayatazama tu.

"Baba Kefa, panda," Hana aliita kutoka barazani. "Usiyaangalie. Niangalie mimi."

Alipanda kwa magoti na mikono. Nyuma yake ndoo ilizolewa, na pima maji yake ya kusawazishia mawe pia. Alipofika juu na kugeuka, ngazi za chini hazikuonekana. Aliwaza kwamba kama ukuta ungekuwepo bado, asingepata pa kupandia.

Maji yaliishia ngazi mbili chini ya baraza. Hana alimkimbilia, akamshika mabega.

"Nilidhani nimekuua, baba."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Kaa chini, mwanangu."

Maji yalipopungua Hana alitaka kazi isimame. Kefa alikataa. Alisema wafunge mnyororo wa kushikilia toka juu hadi chini, na watundike rimu ya gari ya kugonga kama kengele mto ukija. Wakafanya hivyo, na soko likafunguliwa.

Siku hizi akina mama huoshea mboga pale na wanunuzi hupumzika kwenye baraza. Woga wa Kefa haujaisha, na masika haumpi usingizi. Ila kiangazi kilichopita Agripina alimaliza kuuza vitunguu, akashuka ngazi ya chini, akamwita waketi pamoja. Kefa alishuka polepole, akaketi, mkono mmoja umeshika mnyororo, wa pili umeshika pindo la kanga ya mkewe.