Ndoano za Baba kwenye Gomesi ya Mama

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua watu wengi huikimbia. Mimi huisogelea. Ikinipata njiani, hata nikiwa na haraka zangu, hunirudisha moja kwa moja Paya, nyumbani kwa babu, kwa mbwa wake aliyeitwa Watajua. Watajua nini, babu hakutuambia. Jina lile lilikuwa limerushiwa jirani mmoja waliyegombana naye juu ya shamba, na kila babu alipomwita mbwa kwa sauti kubwa, jirani alifunga dirisha. Mbwa mwenyewe alikuwa mpole hadi unamhurumia. Alikula muhogo mbichi, alilala juu ya majivu, na mvua ikinyesha aliingia jikoni bila hodi, akajikung'uta, sote tukalowa, bibi akamtupia mwiko.

Sikukusudia kuwaeleza habari za mbwa. Lakini shule niliiacha darasa la tatu, kabla hawajanifundisha kuanzia mwanzo, kwa hiyo mnivumilie.

Huyo Watajua alikuwa akirudi kutoka porini manyoya yamejaa takataka: kishona nguo, zile sindano nyeusi mnazozijua, na pia vidude fulani vya duara, vidogo kama punje ya mtama, vyenye miiba iliyopinda nchani. Kumchambua ilikuwa kazi yangu. Siku moja baba alikuja kunichukua anirudishe Busia, akanikuta nimempakata mbwa, nachomoa na kutupa. Akaokota kidude kimoja. Akakibandika kwenye sweta lake, akakibandua, akakibandika tena. Bibi alimkaribisha chai mara tatu. Hakusikia.

Baba alikuwa fundi wa cherehani, upande wetu wa Uganda, barazani kwa mama mmoja muuza vitenge. Miaka ile ilikuwa ya shida. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na vifungo vya nguo, ambavyo huvikumbuki mpaka uvikose, vilipotea kabisa. Watu walifunga mashati kwa pini, kwa uzi, wengine kwa miiba. Niliwahi kumwona mwalimu mzima akifundisha amejishika kifua kwa mkono mmoja.

Na baba hakuwa mtu wa kutulia. Cherehani ingelia kidogo, tatatata, kisha kimya, na ukitazama kiti kitupu, yeye yuko barabarani katikati ya baiskeli na malori, anakwenda na kurudi, mikono mgongoni, midomo inacheza. Hata akiketi kula, goti lilimtetemeka mpaka sahani zikagongana. Sasa baada ya ile siku ya Paya alizidi. Alitaka nguo ijishike yenyewe bila kifungo, kama mmea ulivyomshika mbwa.

Alianza na kishona nguo. Sindano zake ziliingia kwenye kitambaa zikakataa kutoka, na mteja ilibidi akatwe shati ndipo avuliwe. Akaja kwenye vile vya duara, akavishona kwa safu juu ya utepe. Vilishika vizuri sana. Siku ya tatu vilikauka, vikavunjika, mtu akabaki kifua wazi sokoni.

"Mmea unataka kusafiri mara moja tu," baba aliniambia, kana kwamba mimi ni fundi mwenzake. "Sisi tunataka shati la kila siku. Tutafute kitu kigumu."

Alikipata kwa mchuuzi wa samaki kutoka Majanji: mshipi wa nailoni wa kuvulia. Aliuzungusha kwenye spoku ya baiskeli akauchemsha kwenye sufuria ya mama ili usahau kunyooka, na wiki nzima tulikunywa chai yenye harufu ya sato. Kisha akaushona juu ya utepe mgumu, vitanzi vidogovidogo vilivyobanana. Hapo ndipo vidole vyangu vilipohitajika. Nilipewa nusu ya wembe, nikakata kila kitanzi ubavuni, si juu, ubavuni, ili kipande kinachobaki kiwe ndoano. Utepe wa pili aliutoa kwenye blanketi kuukuu, akaukwaruza kwa gunzi la mahindi mpaka ukaota manyoya kama ya Watajua. Akabandika utepe mmoja juu ya mwingine. Zikashikana. Akavuta: kraaa! Akabandika tena. Kraaa! Alicheka peke yake barazani, na muuza vitenge akanong'oneza wateja wake kwamba fundi sasa ameondoka kichwani.

Dada yangu Athieno alikuwa amechumbiwa na kijana Msamia aliyeitwa Wandera, na siku ya wakwe kuja ilikuwa imekaribia. Mama alikuwa na gomesi moja ya maana, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, nayo hufungwa kwa vifungo viwili begani, na hivyo viwili vilikuwa vimeshapotea. Hakuwa na namna.

"Baba Athieno, hii kitu itanitoboa?"

"Haitoboi. Inashika tu."

"Basi sikiliza. Kama wewe naniaibisha mbele ya wakwe, mimi na wewe tumemaliza."

Alilisema polepole, anapepeta mtama, nami nikaona hatanii. Usiku wa kuamkia sherehe sikulala vizuri. Asubuhi baba alinipa kazi ya mwisho: utepe wa ndoano ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa vidole viwili, niupunguze. Nikasema ndiyo, baba. Kisha wageni wakatokea barabarani, watoto wakapiga vigelegele, nikautupa wembe nikakimbia kutazama.

Asiye wa kwetu lazima nimweleze hapa. Mkwe wa kiume hamgusi mama wa mke wake. Hampi mkono, haketi naye mkeka mmoja, akimwona njiani huingia majanini ampishe. Hilo si jambo la mchezo hata leo, sembuse siku ile.

Mambo yalikwenda vizuri. Salamu, maneno, mabishano ya mzaha. Bega la mama lilitulia, na baba kila dakika alinyanyua shingo kulitazama. Ghafla mvua ikashuka, mvua ya Busia isiyo na manyunyu. Watu wote mbio mlangoni. Katika msongamano ule Wandera, ambaye rafiki zake wa upande wa Kenya walikuwa wamemwazima sweta zito la sufu, alisukumwa ubavuni mwa mama. Vile vidole viwili vya ndoano nilivyoviacha vikamdaka mkono wa sweta.

Alivuta. Mama akaenda naye. Akavuta tena, mama akarudi naye. Wandera alitazama juu darini kama mtu anayeomba kufa. Akavuta kwa nguvu zake zote: kraaa! Bega la gomesi likafunguka lote, mama akalishika kwa mikono miwili.

Na hapohapo baba yangu mzazi akapaza sauti kwa furaha: "Imeshika! Mmeona? Imeshika!"

"Shemeji," mjomba Opendi akamwambia, "wewe nashona mkwe pamoja na mama mkwe. Sasa taja bei ya kushonoa."

"Hii ni ndoa ama mtego?" akauliza shangazi yake Wandera. "Sisi tulikuja kuoa, hatukuja kunaswa."

Wengine walicheka, wazee hawakucheka. Kondoo alitafutwa mvua ileile, akachinjwa ili kuondoa mwiko, Wandera na mama wakanyunyiziwa maji kwa majani, maneno yanayotakiwa yakasemwa. Athieno aliolewa, ana wajukuu. Lakini mama alitimiza lake. Aliweka chakula cha baba mezani, akatoka. Alifua nguo zake, akatoka. Neno hakumpa. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba nikitazama vidole vyangu viwili, na sikumwambia mtu.

Baba aliendelea kupiga hatua zake barabarani. Alisema akimaliza kuirekebisha, ndoano zikawa fupi zaidi, mama atacheka mwenyewe.

Kama mwezi hivi baadaye, dereva wa lori kutoka Mombasa, aliyekuwa anangoja karatasi zake za forodha, alileta jaketi lililochanika bitana. Baba alilipokea, akaweka mkono kwenye kifuniko cha mfuko kukifungua. Kraaa.

Alikifunga. Akakifungua. Alikisogeza machoni mpaka pua ikagusa.

"Mzee, hujaiona hii?" dereva akasema. "Huko ng'ambo iko siku nyingi. Hili nilichagua kwenye mitumba tu."

"Wamekata ubavuni," baba akasema.

"Nini?"

"Ubavuni. Kama sisi."

Mimi niliruka kwa furaha. "Baba! Kumbe inawezekana! Mwonyeshe mama!" Alimwuliza dereva ni nani aliyeitengeneza, na dereva akacheka, akasema ni mashine, mzee, nani atajua.

Kwa miaka mingi, mpaka nikawa mama, mpaka nikawa bibi, niliamini ni vidole vyangu viwili vilivyomwondoa baba. Niliwaza kama ningeukata utepe, mama angenena naye, naye angekaa. Juzijuzi mjukuu wangu anayesoma Tororo alinieleza kwamba kuna watu kazi yao ni kutazama wadudu na majani, wanauliza mjusi anakwenda vipi darini asianguke, tone la maji linateleza vipi kwenye jani la jimbi, halafu wanaunda gundi, wanaunda rangi za ukuta. Wanalipwa mshahara. Nilicheka, kisha nikamwambia atoke nje kidogo. Nilihitaji kukaa peke yangu. Maana nilimwona baba tena, na jaketi lile mikononi, na safari hii nilimtazama uso badala ya kuruka. Hasira ya mama alikuwa akiibeba. Gharama ya kondoo aliibeba. Kicheko cha Busia nzima alikibeba, kwa sababu aliamini ni yeye peke yake duniani aliyeona kile mbwa alichomwonyesha. Mimi nilimwambia inawezekana. Hilo alikuwa akilijua tangu zamani.

Alishona bitana ya dereva taratibu, goti limetulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akalikunja jaketi, akalikabidhi, akakataa malipo. Ilikuwa mchana, jua kali, vijana wa forodha wanakula. Akasimama, akajipangusa nyuzi, akaanza kutembea upande wa Kenya, si kwenda na kurudi kama kawaida yake, bali kwenda tu.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nakuja," akasema, bila kugeuka.

Akapita geti katikati ya malori, na hakuja.